Plagi haitoi moto: kusaka hitilafu ya umeme wa kuwashia kwenye pikipiki za zamani zenye platini

Pikipiki ya zamani ikigoma kuwaka, lawama ya kwanza huangukia kabureta. Inafunguliwa, inasafishwa, inarudishwa, na kiki bado haileti kitu. Kabla hujagusa jeti hata moja, jiulize mambo matatu: moto upo? Una nguvu? Unafika kwa wakati wake? Kila swali lina kipimo chake, na mwenye kuvichanganya huishia kubadilisha koili nzima kumbe kosa ni washa ya plastiki iliyokaa upande usio wake.

Namna injini inavyokata nayo hutoa dalili. Ikikata ghafla kama mtu aliyezima swichi, anza na umeme. Ikinyong'onyea pole pole, kisha ikafufuka kidogo ukivuta choki, anza na mafuta. Mtego upo mmoja: pikipiki inayozima baada ya dakika 20 na kuwaka tena ikipumzika hufanana kabisa na koili inayokufa kwa joto, lakini mara nyingine ni tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba. Ikizima, fungua kifuniko cha tangi uone kama inawaka. Kazi ya sekunde mbili, na huenda ikakuokolea koili.

Vifaa

Mita ya umeme inayopima volti na ohm, taa ndogo ya kupimia yenye volti sawa na pikipiki (6 au 12), fila geji yenye majani ya 0.30 hadi 0.70 mm, msasa laini namba 600, spiriti ya kusafishia, karatasi ngumu safi, na vipande viwili vya waya vyenye vibano. Kuwa pia na plagi moja mpya na kondensa moja mpya. Hivi viwili si vya kufunga kwanza, ni vya kulinganishia.

Umeme wa upande wa plagi unapita volti 10,000. Usishike kofia ya plagi kwa mkono huku mwenzako anapiga kiki. Usiweke plagi ya majaribio karibu na tundu la silinda, kwa sababu kila kiki inatema mvuke wa petroli hapo. Na kama pikipiki yako imetoka na CDI, yaani mfumo wa kielektroniki usio na platini (nyuso mbili za chuma zinazofunga na kuachana ili kukata umeme wa koili), kama Kawasaki H1 ya 1969, vipimo vya platini vilivyo hapa chini haviihusu.

Jua kwanza mfumo ulio nao

Pikipiki za platini zina mifumo mikubwa mitatu. Ya betri na koili huchukua umeme kwenye betri, unapita swichi, unaingia koili, unamalizikia kwenye platini. Ya magneto ya flaiwili haihitaji betri kuwaka: sumaku zinazozunguka nje ya injini ndizo zinazozalisha umeme. Pikipiki nyingi ndogo za injini ya mipigo miwili ni za kundi hili. Ya tatu ni magneto kamili inayojitegemea, kama Lucas K1F kwenye injini za silinda moja na K2F kwenye za silinda mbili za Kiingereza.

Tofauti hii inabadilisha maana ya swichi ya kuzimia. Kwenye betri na koili, swichi inakata waya ili moto usifike. Kwenye magneto ni kinyume: swichi inaupeleka umeme ethi, yaani kwenye chuma cha injini na fremu. Kwa hiyo magneto isiyotoa moto kabisa, hatua ya kwanza kuliko zote ni kuchomoa waya wa kuzimia unaotoka kwenye magneto na kupiga kiki. Moto ukirudi, magneto yako ni nzima. Kosa lipo kwenye swichi, au kwenye waya uliochunika na kugusa fremu, mara nyingi pale unapopinda chini ya tangi au kwenye shingo ya usukani.

Angalia pia ni waya gani wa betri umefungwa kwenye fremu. Pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 zina chanya kwenye fremu, si hasi. Ukifuata mchoro wa pikipiki ya Kijapani hapo utapotea.

Plagi na cheche

1. Toa plagi, itazame. Imelowa petroli: mafuta yanafika, moto haufiki au ni dhaifu. Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta ni mengi au moto hafifu. Kavu kabisa baada ya kiki nyingi: hapo rudi kwenye mafuta.
2. Pima ohm kati ya ncha ya kati (ile inayoingia ndani ya silinda) na mwili wa plagi. Isisome chochote. Mita ikionyesha upitisho, hata wa ohm laki kadhaa, plagi imeshika kaboni na inavujisha umeme. Plagi ya namna hii hutoa cheche ukiwa umeishika nje, halafu inakaa kimya ndani ya silinda.
3. Funga plagi mpya kwenye kofia, mwili wake uguse chuma safi cha silinda, mbali na tundu. Piga kiki kwa nguvu.

Cheche nene ya buluu inayosikika ikilia "tak" ni nzuri. Nyembamba ya rangi ya chungwa ni dhaifu. Lakini cheche ya hewani si ushahidi kamili: hewa iliyobanwa ndani ya silinda inahitaji volti nyingi zaidi ili irukwe. Kipimo chenye ukweli zaidi ni kuirusha kwenye pengo kubwa. Chukua plagi chakavu, vunja mguu wake wa pembeni, au ushikize ncha ya waya kwa koleo yenye mipini ya plastiki kiasi cha mm 5 hadi 6 kutoka kwenye chuma. Koili na magneto iliyo nzima inaliruka pengo hilo bila kusitasita. Isiporuka, endelea kusoma.

Pengo la plagi yenyewe: 0.6 hadi 0.7 mm kwa pikipiki nyingi za Kijapani za koili, na karibu 0.45 mm kwa magneto za Kiingereza. Magneto hutoa moto mdogo pale injini inapozunguka pole pole kwa kiki, ndiyo maana pengo lake ni jembamba. Kuliweka 0.7 kwa kudhani cheche ndefu ni bora kunaifanya pikipiki igome asubuhi.

Kipimo kimoja kinachogawa kazi nusu kwa nusu

Hiki ni cha betri na koili, na tungeambiwa tuchague kimoja tu tungechagua hiki. Washa swichi ya ufunguo. Mita iwe kwenye volti za DC. Waya mmoja wa mita uguse ethi ya injini, mwingine uguse pale waya wa koili unapofungwa kwenye platini. Sasa zungusha injini pole pole kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa ili isikulemee.

Platini zikiwa wazi, mita isome volti za betri: karibu 12 au 6. Umeme umefika, umekosa pa kupita, umesimama. Platini zikifunga, isome sifuri au isizidi 0.2. Umeme umepita wote kwenda ethi. Ukipata masomo hayo mawili, upande mzima wa volti ndogo ni mzima: betri, fyuzi, swichi, msokoto mnene wa koili, waya na platini. Kilichobaki kushukiwa ni kondensa, msokoto mwembamba wa koili, waya wa plagi na kofia yake.

Usipoyapata, masomo yenyewe yanakuelekeza:

Volti 12 platini zikiwa wazi, na bado 12 (au 2, au 5) zikifunga: platini zimefunga kwa macho lakini umeme haupiti. Ni chafu, zimeungua, au sahani inayozibeba haina ethi nzuri.

Sifuri wakati wote, wazi au zimefunga: ama umeme haufiki, ama unakimbilia ethi kabla ya wakati. Chomoa waya wa koili kwenye platini na upime ncha ya waya huo ukiwa hewani. Ukisoma 12 sasa, waya unaleta umeme sawa, na kosa lipo pale pale kwenye platini: washa iliyokosewa au kondensa iliyoshoti. Ukiendelea kusoma sifuri, rudi nyuma hatua kwa hatua: terminali ya koili ya upande wa platini, terminali ya upande wa swichi, swichi ya kuzimia, swichi ya ufunguo, fyuzi. Mahali volti zinapotokea tena, kosa lipo kati ya hapo na mahali ulipotoka.

Usiiache swichi ikiwaka platini zikiwa zimefunga huku unatafuta spana. Koili ya 12V yenye ohm 4 inapitisha ampea 3 mfululizo. Inachemka, na betri inakwisha.

Baada ya hapo fanya jaribio la kijiti. Swichi ikiwa imewashwa na platini zimefunga, zifungue kwa kijiti kikavu au bisibisi yenye mpini wa plastiki, ziache zifunge, zifungue tena. Kila zinapoachana, plagi irushe cheche. Ikirusha kwa kijiti lakini hairushi kwa kiki, platini hazifunguki zenyewe: kisigino cha plastiki kinachosuguana na kamu (kinundu kinachozunguka na kuzifungua platini) kimelika mpaka pengo limekwisha.

Platini zenyewe

Pengo kwa pikipiki nyingi za Kijapani ni 0.30 hadi 0.40 mm. Lucas za koili ni 0.35 hadi 0.40, na magneto za Lucas ni 0.30. Lipime pale kamu inapoziinua juu kabisa, si popote unapoona mwanga. Jani la fila geji lipite kwa kugusa kidogo pande zote mbili bila kusukuma mkono wa platini.

Kusafisha: kunja msasa namba 600 pande zote mbili ziwe na mchanga, upitishe kati ya nyuso, achia platini zibane, vuta mara chache. Kisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa, vuta karatasi ngumu iliyolowa spiriti, halafu kavu, mpaka itoke safi. Chembe moja ya mchanga wa msasa ikibaki katikati inatosha kuzuia umeme wote. Platini mpya nazo zina mafuta ya kuzikinga na kutu kutoka kiwandani. Zifute kabla ya kuzifunga, vinginevyo pikipiki iliyokuwa inakohoa itanyamaza kabisa.

Sasa suala la washa, maana hapa ndipo pikipiki iliyoingia ikiwaka inapotoka ikisukumwa. Kwenye bolti ndogo inayoshika springi ya platini kuna vitu vitatu vinavyotakiwa kugusana: springi, kichwa cha waya wa koili na kichwa cha waya wa kondensa. Vitatu hivyo, pamoja na bolti yenyewe kwenye aina nyingi, havitakiwi kugusa sahani wala kibano kilichosimama. Kinachovitenga ni kijibomba cha plastiki kinachoingia kwenye tundu la kibano, na washa ya plastiki au ya karatasi ngumu kila upande wake. Washa ikikaa nje ya kichwa cha waya badala ya kukaa kati ya kichwa hicho na kibano, umeme wote unakwenda ethi, na platini zinakuwa kama zimefunga milele. Kichwa cha waya kilichopinda na kugusa kifuniko huleta ugonjwa huo huo, ila chenyewe hujificha: ukifungua kifuniko ili upime, kosa linaondoka. Piga picha kabla ya kufungua. Ukishafunga, kata kipande cha karatasi, kibane kati ya nyuso za platini, pima ohm kutoka springi hadi ethi huku waya wa koili umechomolewa. Isisome kitu.

Tia grisi isiyoyeyuka kwa joto kwenye kamu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Bila grisi kisigino kinalika, pengo linapungua na moto unachelewa. Ikizidi, inarushwa kwenye nyuso na kuungua hapo.

Kondensa

Kazi yake ni kuupokea umeme pale platini zinapoachana, ili usiruke katikati yao. Ikifa kwa kukatika ndani, platini zitatoa cheche kubwa nyeupe zenyewe huku plagi ikitoa hafifu ya chungwa. Ikifa kwa kushoti, hakuna moto popote. Zima taa, funua kifuniko, washa injini au mwenzako aizungushe: cheche ndogo za buluu kwenye platini ni za kawaida, miali inayoangaza chumba si ya kawaida.

Kondensa nyingi za pikipiki ni kati ya mikrofaradi 0.18 na 0.25. Mita yenye uwezo huo itakuonyesha. Ila ikisoma vibaya ni mbaya, ikisoma vizuri bado haijathibitisha uzima, kwa sababu mita inapima kwa volti chache, na platini zinapoachana kondensa inabeba volti 200 na zaidi, tena ikiwa na joto la injini. Jaribio la uhakika ni kuibadilisha kwa muda. Chomoa waya wa ile ya zamani, unganisha mpya kwa waya wenye vibano: ncha kwenye springi ya platini, mwili wake kwenye chuma safi. Huhitaji kuifunga mahali pake ili upate jibu.

Platini zilizotoka kilima upande mmoja na shimo upande wa pili baada ya kilomita chache nazo zinakusimulia kwamba kondensa si ya kipimo sahihi. Kuzisugua bila kubadilisha kondensa ni kujipangia kazi ile ile ya mwezi ujao.

Koili, waya na kofia

Chomoa nyaya zote za koili kabla ya kupima. Msokoto mnene, kati ya terminali mbili ndogo: ohm 3 hadi 5 kwa koili nyingi za 12V, na karibu 1.5 hadi 2 kwa za 6V. Gusanisha kwanza nyaya za mita zenyewe, utoe ohm zake kwenye hesabu. Msokoto mwembamba, kutoka terminali ndogo hadi tundu la waya wa plagi: kwa kawaida kati ya ohm 5,000 na 15,000. Koili yenye nyaya mbili za plagi, kama zile mbili za Honda CB750 ya 1969, inapimwa kutoka waya mmoja hadi wa pili baada ya kutoa kofia. Na wakati wa kuangalia cheche kwenye koili hiyo, plagi zote mbili ziguse chuma. Ukiacha upande mmoja hewani, upande wa pili nao hunyamaza na koili inaweza kutoboka ndani.

Koili ya 6V kwenye betri ya 12V inawaka vizuri sana kwa muda mfupi, kisha inajipika na kuunguza platini. Lakini ukikuta mbili za 6V kwenye BMW za mfululizo wa /5 usiziondoe: zimeunganishwa kwa kufuatana, na ndivyo zilivyotoka.

Terminali zina upande. Pikipiki yenye hasi kwenye fremu, "+" inakwenda kwenye swichi na "−" kwenye platini. Yenye chanya kwenye fremu, kinyume chake. Ukizibadilisha injini bado itawaka, ila ncha ya kati ya plagi inakuwa chanya na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Utaliona hilo siku ya baridi, au plagi ikianza kuchakaa.

Kuna hitilafu ambayo koili hulaumiwa bure: volti zinazopotea njiani. Platini zikiwa zimefunga, pima volti kwenye betri, kisha kwenye terminali ya koili ya upande wa swichi. Tofauti ikizidi 0.5, kuna kutu mahali: ndani ya swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia ya usukani, kishikio cha fyuzi, au maungio ya nyaya ndani ya taa ya mbele. Kwenye 6V kupoteza volti moja ni pigo kubwa. Safisha maungio. Swichi ikishakuwa chakavu mno, weka rilei inayochukua umeme wa koili moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, swichi ya zamani ibaki kuiamrisha tu.

Kofia ya plagi yenye kizuizi isome karibu ohm 5,000. Ikisoma 10,000 na kwenda juu, au mita isipoona kitu, tupa. Kofia zinazofungwa kwa skrubu zinataka waya wenye shaba ndani. Waya wa gari wenye kaboni hauishiki skrubu. Kata mm 5 za mwisho za waya wa zamani, upate shaba isiyo na ukijani, ndipo uifunge tena. Kwenye magneto dhaifu usiweke kofia yenye kizuizi pamoja na plagi yenye herufi R (nayo ina kizuizi ndani). Chagua moja.

Moto upo, wakati si wake

Kiki inayorudisha mguu, mlipuko kwenye kabureta, au bomba la moshi linalogeuka buluu karibu na silinda ni dalili za wakati uliopotoka. Moto ukiwahi, kiki inarudisha. Ukichelewa, injini inakosa nguvu na inachemka.

Weka pengo la platini kwanza, taimingi baadaye. Kuongeza pengo kunawahisha moto, kulipunguza kunauchelewesha, kwa hiyo mwenye kugusa pengo baada ya kupanga taimingi amepangua alichopanga.

1. Toa plagi. Zungusha injini kwa uelekeo wake wa kawaida tu. Ukipita alama usirudi nyuma kidogo. Rudi mbali, uje tena, ili ulegevu wa mnyororo au gia uwe upande mmoja.
2. Unganisha taa ya kupimia kati ya springi ya platini na ethi, washa swichi. Zikifunga taa inazima, zikifunguka inawaka.
3. Fika kwenye alama. Kwenye Honda za zamani, T ni pistoni juu kabisa, F ni moto wa mzunguko wa chini, na mistari miwili iliyo pamoja ni mwisho wa kuwahi.
4. Legeza sahani, izungushe mpaka taa iwake pale pale kwenye alama. Kuizungusha kinyume na kamu kunawahisha moto.
5. Kaza, zungusha injini mara mbili, pima tena. Kukaza skrubu husogeza sahani mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Triumph 650 za enzi ya platini za koili hupangwa digrii 38 kabla ya pistoni kufika juu, na hizo ni za moto uliowahi kabisa. Vizito vya kifaa cha kuwahisha (kile kinachowahisha moto mwendo unapoongezeka) lazima vishikiliwe vikiwa vimefunguka mwisho unapopanga. Ukipanga vikiwa vimelala, uchakavu wa kifaa unaongezeka juu ya hesabu, na kwenye mwendo wa kasi pistoni inaweza kutoboka. Ukiwa na taa ya kumulika alama za taimingi, thibitisha injini ikiunguruma kwa mizunguko iliyotajwa kwenye kitabu chake.

Kifaa hicho kijaribu kwa mkono: zungusha kamu, iachie. Irudi yenyewe, laini, mpaka mwisho. Injini inayobaki juu ukiachia mafuta na kushuka kwa uvivu huwa na springi zilizolegea humo.

Magneto ya flaiwili

Hapa taa ya kupimia haisaidii, kwa sababu koili imeunganishwa sambamba na platini na ohm zake ni chache mno. Tumia kipande cha karatasi nyembamba ya sigara. Kibane kati ya platini, kivute kwa mvuto mdogo sana huku unazungusha flaiwili. Pale kinapoachia ndipo zinapoanza kufunguka, na alama ziwe zimelingana hapo hapo.

Pengo kwenye mfumo huu linagusa nguvu ya moto pia. Umeme ndani ya koili huwa mkubwa kwa kitambo kifupi tu sumaku zinapobadilishana; platini zikifunguka nje ya kitambo hicho, cheche ni dhaifu hata kila kitu kikiwa kipya. Rudisha 0.35 kabla ya kununua kitu.

Flaiwili itolewe kwa pula yake. Nyundo inalegeza sumaku na kupinda ncha ya krenki. Ukiitoa, kagua kile chuma kidogo cha umbo la nusu mwezi: kikikatika hata nusu, flaiwili inahama na alama zote zinadanganya.

Magneto za Lucas

Zikiwaka zikiwa baridi na kugoma zikishapata joto, mtuhumiwa mkuu ni kondensa iliyozikwa ndani ya sehemu inayozunguka. Kabla ya kukubali kazi hiyo kubwa, safisha ringi inayopeleka umeme kwenye brashi za kaboni. Toa vishikio vya nyaya za plagi, zungushia kitambaa chenye petroli kidogo kwenye kijiti, ukibane kwenye ringi kupitia tundu huku mwenzako akizungusha injini pole pole. Kitatoka cheusi. Vumbi hilo la kaboni linapitisha umeme. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Kwenye K2F pima pengo la platini kwenye pande zote mbili za kamu.

Ukilazimika kuivua sehemu hiyo inayozunguka, toa kwanza brashi ya ethi na skrubu ya pengo la usalama zilizoko mwilini. Ukizisahau na kuvuta, ringi inavunjika, na ringi ndiyo kipande kisichopatikana kirahisi.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka

Injini ikiwaka, zungusha usukani kulia na kushoto, tikisa kila kifungu cha nyaya, gonga koili kidogo kwa mpini wa bisibisi. Usiku, nyunyizia ukungu mwembamba wa maji kwenye waya wa plagi na kofia: mahali panapovuja patatoa mwanga wa buluu ukitambaa kwenda kwenye fini za silinda. Kwa kosa la joto, kagua cheche mara tu inapozima, kabla haijapoa. Beba kondensa ya vibano mfukoni. Ukiiunganisha palepale barabarani na ikawaka, umemaliza. Isipowaka, pasha koili nyumbani kwa mashine ya kukausha nywele na upime tena cheche ya mm 6.

Platini mpya zikishakaa, zifungue tena baada ya kilomita 500. Kisigino hulika zaidi mwanzoni kinapojilaza kwenye kamu, na pengo ulilolifunga 0.35 utalikuta limepungua.